Suruali Aliyoiagiza Mke wa Mkata Miti



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya suruali ya jinzi. Tunajua wapo watakaofunua ukurasa mwingine hapo hapo, maana hata sisi tungefanya hivyo miaka michache iliyopita. Tunawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu habari yenyewe si ya mitindo. Ni habari ya kidonda, na ya maneno tuliyoyatamka sisi wenyewe kabla ya kidonda hicho.

Sisi ni akina mama wa jumuiya moja ya huku Lugarawa, wilayani Ludewa. Siku za kazi baadhi yetu tunafunga vidonda na kupima wajawazito. Siku nyingine tunafanya kazi za kanisa, mojawapo ikiwa ni kuwagawia nguo wasiojiweza. Mwaka 2021, kabla baridi ya Juni haijaanza kuuma, tulichanga fedha tukamtuma mwenzetu mmoja Makambako kununua belo la mitumba. Anayeifahamu Makambako ataelewa sababu. Pale ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA inapita pale pale, kwa hiyo mizigo hutua hapo kwanza ndipo ipande huku kwetu milimani.

Belo likafunguliwa ukumbini. Zilitoka sweta za watoto, mashuka, koti moja lisilo na kifungo hata kimoja, na chini kabisa suruali ya jinzi, nzito, rangi ya nili iliyopauka magotini. Nyuma kiunoni ilikuwa na kipande kama cha ngozi chenye picha ya farasi wawili wanaoivuta suruali, kila mmoja upande wake. Tulicheka sana. Tukaulizana farasi hao wana ugomvi gani na suruali ya watu.

Ilikuwa suruali ya kiume, lakini miongoni mwa wanaume waliofika siku ile hakupatikana iliyemtosha. Akaichukua mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne, ambaye riziki yake ni kusomba mbao. Wasomaji wa mjini pengine hawaijui kazi hiyo. Huku kwetu misindano hupasuliwa huko huko bondeni ilikokatwa. Gari haliwezi kushuka, hivyo mbao hupandishwa kichwani mpaka barabarani, na malipo ni kwa kila ubao. Asubuhi ukungu huwa mzito, njia inateleza, visiki vimejificha kwenye nyasi, na ubao mbichi una uzito wa kumshinda mwanamume mzima. Wanawake wanaofanya kazi hiyo wengi wao hawana shamba la kutosha.

Yule mama akaanza kuivaa suruali ile kazini. Alhamisi moja akaja nayo kwenye mkutano wa jumuiya moja kwa moja kutoka msituni, kwa kuwa alichelewa na hakutaka kukosa sala.

Hatukumfokea. Pengine ingekuwa afadhali tungemfokea, maana makelele hupita. Tulimwita kando kwa sauti ya chini. Mmoja wetu akamtajia sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, penye katazo la mwanamke kuvaa vazi la mwanamume. Mwingine akamkumbusha kwamba ana binti wanaomtazama. Wa tatu, na neno hili ndilo linalotutia haya mpaka leo, akauliza mjane anayevaa vile anatafuta nini. Mama yule akainamisha kichwa. "Nimesikia, mama zangu," akasema, akaondoka. Sisi tukaendelea na rozari.

Wiki iliyofuata binti yake mkubwa alituletea suruali kwenye kiroba, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Mama amesema irudi kwenye sadaka, akasema mtoto. Tukaipokea na kuiweka kabatini, na kusema kweli tulijipongeza.

Mwishoni mwa Julai mama huyo aliletwa kwa machela ya miti. Alikuwa ameanguka siku tano kabla. Kitenge kilichokuwa kimelowa umande kilijisokota miguuni wakati anapanda mteremko, akateleza, ubao ukamshukia, na ukingo wake ukamchana muundi kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Siku tano! Kidonda kilikuwa kimejaa usaha na vipande vya magome, mguu umevimba na kung'aa, homa juu. Alichomwa sindano ya kuzuia pepopunda, akapewa dawa za kuua vijidudu, akaoshwa na kuondolewa nyama iliyokufa. Kila muuguzi anayesoma hapa anajua tulichokuwa tukikiogopa. Kwa siku tatu za mwanzo hatukuwa na hakika kama mguu ule utabaki.

Tulimuuliza, kama tunavyowauliza wote, kwa nini alichelewa kuja. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mama zangu, nilidhani nikija na kidonda mtaniuliza nilikuwa nimevaa nini."

Mguu ulibaki. Lakini alisafishwa kidonda kwa wiki sita, na katika wiki hizo hakusomba hata ubao mmoja, na watoto wanne walikula kwa majirani. Suruali ikawa bado kabatini, na kila tulipofungua kuchukua mashuka, wale farasi wawili walikuwa wanatutazama. Ndipo tukaanza kutafuta habari zao: kwa vijana wetu wanaosoma mbali, katika vitabu, kwa yeyote aliyejua. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Vazi hili halikubuniwa na mtu wa mitindo, tena lilianza kwa mwanamke. Majira ya baridi ya mwaka 1870 kuingia 1871, katika mji mdogo wa Reno, jimbo la Nevada huko Marekani, mke wa mkata miti alimwendea fundi cherehani aitwaye Jacob Davis. Alitaka mumewe ashonewe suruali ya kazi isiyochanika upesi, akalipa dola 3 kabla kazi haijaanza. Vitabu vinamtaja fundi kwa jina, ila mama yule vinamwita tu mke wa mkata miti. Sisi tuliposoma hapo tulitazamana. Mke wa mkata miti! Wako wangapi huku kwetu?

Davis alizaliwa Riga mwaka 1831, mji wa pwani ya Baltiki uliokuwa chini ya Urusi. Alikuwa akishona mahema, maturubai ya magari ya kukokotwa, na mablanketi ya farasi, na mezani pake zilikuwapo ribiti, yaani vile vipande vidogo vya shaba vinavyogongwa vikashika pande zote mbili. Alizitumia kwenye mikanda ya mablanketi hayo. Sasa akajiuliza suruali ya mfanyakazi huanza kuchanika wapi. Mama yeyote anayefua na kutia viraka angemjibu bila kufikiri: pembe za mifuko, na pale chini panapoishia vifungo vya mbele. Davis akagonga ribiti hapo hapo. Hilo ndilo jambo lote. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi aliuza suruali kama 200.

Kitambaa cha suruali ya kwanza hakikuwa cha buluu. Kilikuwa cheupe, mfano wa turubai jepesi, na Davis alikinunua kwa mfanyabiashara wa jumla wa San Francisco, Levi Strauss. Huyu alizaliwa Buttenheim, Ujerumani, mwaka 1829, akahamia Marekani mwaka 1847, na mwaka 1853 akafika San Francisco, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Yeye hakuchimba dhahabu. Aliuza vitambaa, blanketi na nguo. Davis aliogopa kuibiwa ujuzi wake, lakini kupata hataza, ile hati ya serikali inayolinda ubunifu, kuligharimu dola 68. Mwaka 1872 akamwandikia Strauss kumwomba washirikiane. Tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hataza namba 139,121, wote wawili. Davis akahamia San Francisco kusimamia ushonaji. Na jina lililobaki kiunoni ni la mwenye mtaji. Tumeyaona hayo hata katika vikundi vyetu vya vikoba.

Ile buluu ilikuja na kitambaa cha denimu, ambacho mwanzoni walikinunua kwenye viwanda vya Amoskeag vya mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire. Na farasi? Farasi waliwekwa mwaka 1886. Wafanyakazi wengi wa huko walikuwa wageni wa lugha mbalimbali, hawakusoma Kiingereza. Mtu aliingia dukani akaomba suruali ya farasi wawili, akaeleweka. Picha inasema kwamba hata farasi wawili hawawezi kuirarua. Kumbe hapakuwa na ugomvi wowote.

Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa nguo ya wachimba migodi, wachunga ng'ombe na wajenzi wa reli. Strauss alikufa mwaka 1902 bila kuoa, mali ikawaendea wana wa dada yake. Mwaka 1906 tetemeko na moto wa San Francisco viliteketeza makao yao, wakaanza upya. Tunayapita hayo haraka. Tunapotaka kukaa ni mwaka 1934, kampuni ilipotoa suruali ya kwanza iliyokatwa kwa umbo la mwanamke. Walioitaka walikuwa wanawake wa mashamba ya mifugo waliokuwa wamechoka kufanya kazi na suruali za waume zao. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake wa Marekani waliingia viwandani kwa wingi, na wengi wakavaa ovaroli na suruali za kitambaa hiki kwa sababu sketi na mashine havipatani. Kitenge na mteremko navyo je?

Wasifikiri wasomaji kwamba kule wote walilipokea vazi hili kwa furaha. Ribiti za mifuko ya nyuma zilikwaruza viti vya shule mpaka mwaka 1937 ikabidi zifichwe ndani ya kitambaa. Katika miaka ya 1950, jinzi ilipovaliwa na vijana watukutu wa sinema, shule nyingi za Marekani ziliipiga marufuku. Hapa nchini petu Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na tangu Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikasakwa mitaani Dar es Salaam. Hivyo ile haraka yetu ya kupima moyo wa mtu kwa nguo yake ina mababu wengi, wa huko na wa huku.

Wala kitambaa cha Mmarekani si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Bibi zetu walikijua kitambaa kiitwacho marekani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Jina limetokana na wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, waliokuwa wakikileta Zanzibar kwa merikebu. Nchi yao ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833 na kuweka balozi wake mdogo Zanzibar mwaka 1837. Pamba ya viwanda vya kaskazini mwa Marekani wakati huo ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Tusilisahau hilo tunaposifu uimara wa kitambaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba hiyo, biashara ile ya Zanzibar ikavunjika. Tena kabla jinzi haijafika, mwanamke wa huku alikuwa na nguo yake ya kazi, kaniki, iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Rangi moja na jinzi, sababu moja: haionyeshi uchafu upesi. Tofauti ni kwamba kaniki hufungwa, na jinzi huvaliwa mguu mmoja mmoja.

Jinzi yenyewe ilitufikia hasa kwa mitumba. Mama zetu husimulia ukame wa nguo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mama na binti wakipokezana kanga moja kwenda kanisani. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba ikamiminika, na sisi tuliokuwa watoto miaka hiyo na iliyofuata tumekua ndani ya nguo za "kafa Ulaya". Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru iliyotolewa na sheria yake ya AGOA ya mwaka 2000, na Tanzania ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia. Kwa sheria hiyo hiyo viwanda vya Nairobi na Athi River, Kenya, vimeshona jinzi kwa ajili ya Wamarekani. Inawezekana kabisa suruali ikashonwa na mama wa Kenya, ikavaliwa ng'ambo, ikarudi Makambako ndani ya belo. Nayo pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga sehemu yake kubwa huuzwa nje kabla haijafumwa.

Tulimwendea katekista wetu na ile sura ya 22. Ni mzee mtaratibu. Akatuuliza babu zetu Wapangwa na Wabena walivaa nini. Tukasema walijifunga shuka, mgolole. "Na ninyi leo mmejifunga nini?" Tukajitazama, vitenge, tumevifunga kiunoni. Akasema katika Israeli ya zamani wanaume na wanawake wote walivaa kanzu, kwa hiyo Maandiko yalikuwa yakikataza kujigeuza na kudanganya, hayakuwa yanazungumzia suruali. Kisha akatuuliza kama mfiwa yule tumekwisha kumwomba radhi. Hatukuwa tumefanya hivyo.

Tulikwenda watatu, wale wale watatu, mwezi wa Septemba. Kwa mila zetu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, tukachukua unga, maharage na sabuni, na suruali kwenye kiroba chake. Yule aliyesema neno baya kuliko wote ndiye aliyeanza. Alipiga magoti. Mjane akamwinua haraka, akasema, "Mama, usinitie dhambi, wewe ni mkubwa kwangu." Kisha, kwa kuwa ni mtu wa vitendo, akaichukua suruali, akaipima mbele yetu na kusema kiuno ni kipana, ndiyo maana alikuwa akiifunga kwa kamba ya katani.

Ikapunguzwa kwenye cherehani ya mmoja wetu. Akina mama mnaoshona, msijaribu jinzi nzito na sindano mnayoshonea vitenge. Sisi tulivunja mbili kabla hatujaweka namba 18, na pale mishono inapokutana tulizungusha gurudumu kwa mkono. Goti tuliongeza kiraka kwa ndani. Na kwa kuwa tumezoea kutoa mashauri ya afya, tuseme mawili. Mtumba wowote ufuliwe kwa sabuni, uanikwe juani na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Na jinzi ikilowa huwa nzito na baridi, huku kwetu mwezi wa saba hukaa siku mbili bila kukauka, basi mtu asiivae mbichi, wala isiwe ya kubana. Haizuii msumeno wa mashine. Wanaume wanaopasua mbao wasije wakadanganyika. Inazuia mikwaruzo, magome na miiba, nayo haijisokoti miguuni.

Sasa kila belo likifunguliwa, nguo nzito za kazi tunazitenga kwanza, na kabla ya kugawa tunauliza nani anasomba mbao, nani analima bondeni, nani anapasua kokoto. Mume wa mwenzetu mmoja alinung'unika kwamba suruali nzuri zinaishia kwa wanawake. Tulimwambia na yeye akasombe mbao.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, mvua zimekwisha kuanza, mama yule alikuja tena mkutanoni kutoka msituni, kovu limefichwa ndani ya jinzi, kitenge amekitupia mabegani kwa baridi. Akakaa benchi la pili, karibu na yule aliyempigia magoti. Tulipomaliza sala na kusimama, ikaonekana utomvu wa misindano uliokuwa pajani pake umeshikamana na kitenge cha jirani yake, wakawa wameungana kama pacha. Ikabidi itafutwe mafuta ya taa jikoni kwa paroko, wakakaa tena kusubiri, wanacheka mpaka machozi.